Walitazama Mkono, Hawakutazama Shingo

Ukiona mkono wako unakufa ganzi, jishike shingo kwanza kabla hujaenda kwa mtu yeyote. Nalisema mapema kwa sababu mimi sikuambiwa na mtu. Mganga alitazama mkono, mama mkwe alitazama mkono, na daktari wa Kidachi, Mjerumani wa reli, pamoja na vyombo vyake vyote vya kung'aa, naye alitazama mkono. Kidogo wanitenge na mwanangu maisha yangu yote. Nimejifunza kuandika ukubwani, katika darasa la misheni, na mwalimu wetu alitumaini nitaanza kwa kuandika sala. Sala nitaandika hasira ikiisha.

Nilikuwa nimeolewa Mkonze, kwa Madeje, na tulikuwa na mtoto mmoja, Nyemo, ambaye alikuwa bado ananyonya. Kiangazi kile reli ilikuwa inaelekea Dodoma, na kambi ya wajenzi ilipigwa karibu nasi. Watu wa kambi walikunywa maji kama ng'ombe. Akida akatoa amri kwamba kila kaya ipeleke maji kambini, juu ya yale ya nyumbani. Amri ilisema kaya, lakini kwetu kaya haina kichwa cha kubebea mtungi. Kichwa ni cha mwanamke, na nyumbani kwa Madeje mwanamke wa kuchota nilikuwa mimi. Mama mkwe alikuwa ameshazeeka, na wifi zangu walikuwa wameolewa mbali.

Maji yenyewe yalikuwa chini ya mchanga wa korongo. Unafukua shimo, unaingia mpaka kiunoni, unasubiri maji yachuruzike, unayateka kwa kibuyu kidogo mpaka mtungi ujae. Kisha unaweka ngata kichwani, unajitwisha, unapanda kingo. Nyemo alikuwa mgongoni ndani ya ngozi ya mbuzi, na mkanda wa ngozi ile ulipita juu ya bega langu la kushoto. Mkono wa kushoto ndio ulioshika mtungi juu, wa kulia ulikuwa na jembe la kufukulia. Ndivyo nilivyokwenda na kurudi kiangazi kizima. Watu wa kambi walinisifu kwamba nina shingo nzuri. Waswahili wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Ugonjwa ulianza kama mchezo. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kilinichonyota, nikakikung'uta, kikatulia. Baadaye kikaungana na kile cha pili yake. Nikisuka nywele za jirani yangu, mikono ikiwa juu, wa kushoto ulipoa na kuwa mzito, nikawa naushusha mara kwa mara na kujifanya natafuta kitana. Kisha shingo ikakaza. Shimo lile la juu ya mtulinga, ambalo kwa kila mtu huwa limebonyea, kwangu lilijaa. Nikivuta pumzi chini ya mtungi, mbavu za juu zilipanda zote kwa pamoja kama zinavutwa na kamba kutoka shingoni, na kamba hizo ziliniuma. Usiku nililalia upande mmoja tu.

Nilimwambia Madeje. Aliniambia wanawake wote huumwa shingo wakati wa kiangazi. Sikumjibu, na mpaka leo najuta kunyamaza kwangu kuliko maneno yake. Maana miezi hiyo hiyo punda wetu alichubuka bega kwa mizigo ya uwele, na Madeje alimpumzisha mpaka kidonda kikakauka, akawa anampaka mafuta ya kondoo asubuhi na jioni. Nilipita na mtungi kichwani nikiwatazama wawili hao. Punda alikuwa amefumba macho kwa raha.

Siku ya mlenda ndiyo iliyoniharibia. Nilikuwa nasonga ugali, chungu cha mlenda kikiwa pembeni jikoni, nikakisogeza kwa mkono wa kushoto. Nikasikia harufu ya nyama inayoungua na nikajiuliza ni nani amechoma kuku. Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni akichambua karanga. Akatazama mkono wangu uliobanana na chungu, akanitazama uso, akaona sina habari.

Hakupiga kelele. Alinyanyuka, akamtoa Nyemo mgongoni kwangu taratibu, akaenda naye nje. Jioni ile kibuyu changu cha kunywea kilikuwa kimewekwa peke yake kando ya mlango.

Wagogo wote wanajua ni ugonjwa gani unaomuunguza mtu bila yeye kuhisi. Hawakuutaja jina. Walisema tu "ule". Madeje alinipeleka kwa mganga wa upande wa Mlali, safari ya kuchosha, na mganga akanichanja chale kuanzia kiganja hadi kwenye kiwiko, akazipaka dawa nyeusi. Sikuhisi chale za upande wa kidole cha mwisho, nikahisi za upande wa gumba. Nilimwambia hivyo. Akasema dawa inaanza kufanya kazi. Nikataka kumwambia kwamba shingo ndiyo inayouma, ila alikuwa ameshaanza kusema na Madeje juu ya mbuzi wa malipo.

Habari ikamfikia akida, na akida akanipeleka kwa daktari wa kambi. Anayetaka kujua kungoja ni nini aende akakae mbele ya turubai lake. Tulipangwa kwenye mchanga, wanaume waliopondwa na vyuma vya reli mbele, wenye homa nyuma yao, sisi wanawake mwisho kabisa kwenye jua. Kuna mwanaume aliyenipisha kivulini mwake, mguu wake umefungwa vijiti, akasema yeye jua limeshamzoea. Simjui jina. Katika miezi ile watu walionitendea wema ni wachache, kwa hiyo nawataja wote.

Daktari hakunishika popote ila kwenye kiganja. Alikuwa na sindano na mkalimani, mtu wa pwani aliyevaa kanzu safi. Alinifunga macho kwa kitambaa akawa ananichoma. Kila aliponichoma mkalimani aliuliza, "Umesikia?" Mara nyingine nilisema ndiyo, mara nyingine hapana. Kitambaa kilipofunguliwa nilimwambia mkalimani kwamba ugonjwa unatoka juu, hapa, nikajishika shingo. Akatafsiri neno moja, labda mawili. Daktari hakunyanyua macho.

"Bwana anasema ni ukoma," akasema mkalimani. "Mvua zikiisha na njia zikikauka, askari watawachukua wote wenye ugonjwa huu kwenda kwenye kijiji chao, mbali. Hakuna kurudi. Mtoto abaki."

Niliuliza abaki na nani. Kabla sijajibiwa nilikuwa nimeshasogezwa kando, mgonjwa mwingine ameshakaa mahali pangu.

Mpaka mvua ziishe nilipewa kibanda upande wa Miyuji, mbali na nyumba za watu. Nyemo alibaki kwa mama mkwe. Maziwa yangu hayakujua amri ya daktari. Yalijaa, yakauma, yakavuja kila mtoto wa mtu alipolia kwa mbali, nami nikayakamulia mchangani huku nikiwatukana watu wote ninaowajua, mmoja mmoja, kwa jina lake na la baba yake. Sikuwa mgonjwa mvumilivu. Wanaosema maradhi hufundisha subira hawakuwahi kukamua maziwa ya mtoto aliye hai wakayamwaga.

Ndani ya kibanda nilimkuta Bi Zena, mwanamke wa Kirangi kutoka milima ya Kondoa, Mwislamu, aliyekuwa akiuza tumbaku kabla vidole vyake havijaanza kuisha. Nilimwamkia shikamoo nikiwa nimesimama mlangoni. Akaitikia marahaba, kisha akaniambia niingie, nisimwogope, kwa kuwa tumeshahukumiwa pamoja. Nilikuwa namwogopa. Nilikuwa namchukia pia, kwa sababu nilimwona yeye ndiye kesho yangu. Nasema hivi kwa aibu kidogo tu, maana hata yeye alilijua na hakulitilia maanani.

Sasa sikiliza jambo ambalo bado linanifanya nicheke kwa hasira. Kwetu mtu mwenye "ule" hachoti maji. Hasogei kwenye shimo la korongoni, hagusi kibuyu cha kutekea, na maji yaliyopita kichwani kwake hayanywi hata mbwa. Kwa hiyo tangu siku niliyohukumiwa sikubeba mtungi. Maji yetu yaliletwa na wanawake wa karibu wakayaacha juu ya jiwe. Ngata yangu niliitumia kukalia. Mgongoni sikuwa na mtoto wala mkanda begani. Walinitupa kama takataka, na kwa kunitupa wakaniondolea kile kilichokuwa kinaniua. Hakuna hata mmoja aliyekusudia.

Mvua zikaanza. Paa la kibanda lilikuwa la udongo kama matembe yetu yote, likavuja, tukawa tunahama pembe hadi pembe. Uwele wa watu ulipokuwa umefika magotini, kidole changu cha mwisho kilianza kuwasha. Nilidhani ni mdudu. Baadaye kikauma, uchungu wa kweli, kama mguu uliokaliwa vibaya unapoamka. Nilimwonyesha Bi Zena. Aliniuliza kama unakuja na kuondoka. Nikamwambia unakuja na kuondoka.

Akaitazama mikono yake. "Wangu ulipoondoka haukurudi hata siku moja," akasema. "Wewe mwanangu, sijui una nini, ila hiki changu huna."

Sikulala. Kuna furaha inayofanana na ugomvi, na ile ndiyo iliyonishika.

Ukoo wa Madeje walichinja mbuzi kwa ajili ya mavuno, na katika ukoo wao shingo ni fungu la wanawake wa jikoni. Madeje aliniletea shingo ile mpaka kwenye jiwe la maji, akasimama mbali, akaniita. Niliuliza habari za Nyemo. Akasema ameanza kula ugali na amenenepa. Alitaka kunifariji, na akanichoma kuliko sindano. Nilimwambia aende.

Niliipasua shingo ile kwa kisu, mbavu za juu na mguu wa mbele vikiwa bado vimeshikana nayo upande mmoja. Nimekata shingo za mbuzi tangu utoto na sikuwahi kuitazama hata moja. Safari hii niliangalia. Kutoka kwenye mifupa ya shingo zilishuka nyama nyembamba ndefu, kama kamba za kufungia mzigo, zikaenda kujishikiza kwenye mbavu za juu kabisa. Ndizo zinazouvuta ubavu juu mbuzi anapohema. Na katikati ya kamba hizo, kwenye upenyo mdogo ambao ncha ya kisu iliupata kwa shida, ilipita mishipa myeupe pamoja na mrija wa damu, ikatambaa juu ya ubavu wa kwanza, ikaingia mguuni mpaka chini. Niliibana nyama ile kwa vidole viwili, na mishipa ikabanwa ndani yake.

Niliweka kisu chini. Nilijishika shimo la juu ya mtulinga, upande wa kushoto, nikabonyeza ile nyama iliyokaza. Kidole changu cha mwisho kikapigwa na mshtuko wa uchungu. Nikaachia, kikatulia. Nikabonyeza tena. Bi Zena alikuwa akinitazama, akaniuliza nacheka nini. Sikujua kwamba nacheka.

Basi nikaanza kuitunza shingo na kuuacha mkono. Nilichemsha maji nikaikanda kwa kitambaa. Nililala chali, nikajifunza kuhema kwa tumbo ili zile kamba zisipate kazi ya bure. Nilizivuta taratibu kwa kuinamisha kichwa upande wa kulia mpaka zilalamike, kisha nikaacha. Bi Zena alinikanda bega kwa kifundo cha mkono wake kwa kuwa vidole hakuwa navyo. Sijawahi kukandwa vizuri kama vile, kabla wala baada. Halafu siku moja nikafanya jaribio: niliweka jiwe zito juu ya ngata, nikalishika kwa mkono wa kushoto kama nilivyoshika mtungi. Muda wa kutembea mpaka kwenye mti na kurudi, mkono ulikuwa mweupe kiganjani na baridi, na vidole viwili vimekufa. Nikatua jiwe, nikashusha mkono. Vikafufuka.

Mvua zilipokatika na vumbi kurudi njiani, askari walikuja. Tulipelekwa kambini tuandikwe kabla ya safari. Daktari alikuwa yule yule, na mkalimani yule yule. Zamu yangu ilipofika sikunyoosha mkono. Nilichukua sanduku lililokuwa limejaa misumari ya reli pale karibu, nikamwomba mmoja wa wafungwa waliokuwa wakipakua vyuma anitwishe, nikalishika kwa mkono wa kushoto, nikasimama mbele ya meza. Askari akanijia. Daktari akamzuia, nadhani kwa sababu alishangaa.

Nilisimama. Shingo iliwaka moto. Nilisimama mpaka vidole vikafa, kisha nikamwambia mkalimani amwambie bwana anichome. Akanichoma, sikuhisi. Akanishika kifundo cha mkono kutafuta mapigo, akaendelea kutafuta. Nikatua sanduku. Tulingoja kidogo, wote tukiutazama mkono ule kama wageni wanaongoja chakula, na damu ikarudi. Nikasema achome tena. Alipochoma nilimtukana kwa Kigogo, na hilo halikuhitaji mkalimani.

Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza, akanishika shingo. Alibonyeza palepale. Akasema na mkalimani maneno machache, akarudi kwenye karatasi zake.

"Bwana anasema si ukoma. Shingo imechoka. Usibebe mizigo. Nenda nyumbani."

Nilimwambia mkalimani amuulize ni nani atakayenirudishia mvua nzima ya mwanangu.

Yule mtu wa pwani aliniangalia. Alikuwa na watoto, naona, kwa jinsi alivyoniangalia. "Hilo sitalisema, mama," akasema kwa sauti ya chini. "Nenda kabla hajabadili."

Bi Zena alikuwa ameshaingizwa kwenye mstari wa safari. Nilitaka kumuaga kwa mkono na askari akanisukuma, kwa kuwa sasa mimi nilikuwa mzima na haikuruhusiwa. Nilimwamkia kwa mbali. Aliitikia, akanionyesha shingo yake kwa kifundo, akatabasamu. Nilipotoka kambini nilikutana na mstari wa wanawake wamejitwisha mitungi, wanaingia. Shingo nzuri zote. Daktari yule yule alikunywa maji yale.

Nyumbani walinipokea kwa vigelegele. Kila mtu alikuwa na sababu yake ya kupona kwangu. Mganga alituma salamu kwamba dawa yake huchelewa ila haikosei. Mama mkwe alisema Mungu mkubwa, akaniletea kigoda, akaniambia nipumzike leo, maana kesho kuna maji, na yeye mgongo umekwisha. Alisema kwa upole. Hakuwa mtu mbaya, na jambo hilo liliniudhi zaidi.

"Sitabeba, mama," nikamwambia. "Si kesho tu. Mtungi sitaubeba tena."

Mama mkwe akamtazama mwanawe. Nikamgeukia Madeje nikamwambia punda amepona bega zamani. Alikohoa, akasema kwetu punda habebi maji ya kunywa, watu watacheka. Nikamwambia wacheke, mimi nimeshachekwa na sindano. Ilichukua siku kadhaa na maneno makali ambayo sitayaandika, lakini punda alikwenda korongoni, Madeje akimwongoza huku amejifunika shuka mpaka puani. Walicheka kweli. Sasa punda wanaokwenda korongoni si mmoja.

Kwa hiyo wewe mwenye kidole kinachochonyota, nimekwambia: shingo, mkanda wa mtoto, mzigo. Mhamishie mtoto bega la pili. Tua mtungi, hata wakikuita mvivu. Mkono wangu leo unashika sindano ya kushonea na kalamu hii, ingawa baridi ya kipupwe bado huuchokoza.

Jambo ambalo halijapona ni hili. Siku ile ya kurudi, Nyemo alikuwa amesimama nyuma ya bibi yake, mrefu kuliko nilivyomwacha, ananichungulia. Nilichota maji, nikampa kibuyu kwa mkono wangu wa kushoto, kwa makusudi, watu wote waone. Alikuwa na kiu, nilimwona akimeza mate. Hakukipokea. Aligeuka akamtazama bibi yake, akangoja, mpaka bibi alipoinamisha kichwa kumruhusu. Ndipo akanywa.